Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Nani Abebe Deni la Wanafunzi?

Maneno yaliyotolewa mbele ya waumini na wapenda mageuzi, Kiwanjani, Isiolo



Tumeitana hapa Kiwanjani kuzungumza jambo ambalo limegawanya nyumba nyingi. Vijana wetu waliomaliza vyuo wanadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile ambayo wengi huiita HELB. Wengi wao hawana kazi. Wapo wanaosema deni hilo lifutwe lote, serikali ilibebe, basi. Wapo nao wanaojibu kwamba serikali haina shamba wala ng'ombe. Kila senti iliyo nayo imetoka mfukoni mwa mwananchi, kwa hiyo kulifuta deni la mwanafunzi ni kulihamisha kutoka kichwani kwake na kulitua kichwani kwa mama auzaye maziwa.

Pande zote mbili zina watu waungwana. Hatukuja kuwachekesha hawa dhidi ya wale. Tumekuja kuuliza swali kama raia watu wazima: je, ni haki mlipa kodi alipe gharama ya kusamehe mikopo ya wanafunzi? Na kama ni haki, ni ya nani, kwa kiasi gani, na kwa idhini ya nani?

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tuangalie kwanza harusi hii ilianzaje.

Mikopo ya elimu ya juu si jambo la jana. Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa namna hiyo mwaka 1952, kwa ajili ya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Mfuko huo ukafifia baada ya uhuru. Katika mwaka wa masomo wa 1974/75 serikali ya Kenya ikaanza mpango wake wa kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu. Fedha zilitoka, lakini hazikurudi kama ilivyotarajiwa. Hapakuwa na chombo chenye nguvu ya kisheria cha kuzifuatilia, na wengi waliozipokea walizihesabu kuwa zawadi. Hao wakawa makatibu, mameneja, mawakili na mabalozi. Walijenga majumba na kuwapeleka watoto wao shule za gharama, na wengi wao hawakurudisha kitu.

Kisha ukaja mwaka 1991. Kwa shinikizo la wakopeshaji wa kigeni na sera ile ya kuchangia gharama, serikali iliwaambia wanafunzi wa vyuo vya umma kwamba sasa walipe sehemu ya karo. Vyuo vilifungwa, vijana walipigwa rungu. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo, ipewe meno ya kukusanya madeni ya zamani na kukopesha wapya. Shabaha ilikuwa njema: fedha ziwe kama ndoo ya kisima, atekaye airudishe ili mwenzake naye apate kuteka.

Lakini tazameni jinsi deni linavyokua. Sheria hiyo ya 1995 humtaka mkopaji aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na hiyo ni nafuu kuliko benki yoyote mjini Isiolo. Adhabu ya kuchelewa ndiyo inayoumiza, kwa kuwa sheria imeweka faini isiyopungua shilingi 5,000 kwa kila mwezi.

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu haina chama. Tuseme binti wa Garbatulla alikopa shilingi 40,000 kila mwaka kwa miaka minne. Deni lake ni 160,000. Riba ya mwaka mmoja ni 6,400. Akikosa kazi na asilipe, adhabu ya mwaka huo huo ni 60,000. Katika miaka mitatu adhabu peke yake imefika 180,000, na tayari imelipita deni lenyewe. Kosa lake ni lipi? Si kwamba alikula fedha akakimbia. Ni kwamba alitafuta kazi katika nchi isiyo na kazi.

Tena kwa miaka mingi vijana walitakiwa waonyeshe cheti cha Bodi hata kabla ya kupewa kazi ya umma. Yaani: ili upate kazi, sharti uwe sawa na Bodi; na ili uwe sawa na Bodi, sharti uwe na kazi. Mdhamini naye, mara nyingi baba au mjomba, anabaki ameshikwa na karatasi aliyoitia sahihi kwa furaha siku ya barua ya chuo.

Kwa hiyo wanaolia hawalii bure. Hata hivyo ni lazima tumtazame na yule mwingine: mlipa kodi.

Mlipa kodi ni nani? Tukisikia neno hilo, wengi wetu humwona mtu wa Nairobi mwenye tai na hati ya mshahara. Basi tuseme ukweli. Kila anunuaye sabuni ya shilingi 116 amelipa kodi ya shilingi 16, maana kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16. Kila aongezaye salio la simu amekatwa ushuru. Mwaka 2023 sheria ya fedha iliipandisha kodi hiyo kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na lori liendalo Merti au Sericho likapandisha nauli ya gunia la unga. Mchungaji wa ngamia asiyejua kusoma hati ya kodi ameilipa kodi hiyo kwenye sukari yake, na akina mama wa hapa Isiolo wapelekao maziwa ya ngamia hadi Eastleigh wanailipa kwenye nauli na kwenye madebe. Hakuna mtu katika mkutano huu asiye mlipa kodi.

Sasa jiulizeni: katika watoto kumi waliozaliwa na wafugaji wa Oldonyiro au Cherab, wangapi hufika chuo kikuu? Ninyi mnajua. Wengi hukomea njiani, kwa ukame, kwa umbali wa shule, kwa wasichana kuozwa mapema. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Mifugo ilikufa, na mfugo ndio benki ya mzazi wa huku. Mtoto aliyeacha shule mwaka huo hakukopa kitu kwa Bodi, kwa sababu hakuufikia mlango wake. Je, ni haki sabuni ya mama yake itozwe ili wakili wa Nairobi mwenye gari mbili asamehewe deni la chuo? Tunajibu bila kusita: si haki. Msamaha wa jumla, usiochagua mwenye nacho na asiye nacho, ungemchukulia maskini na kumpa aliyekwisha kupanda ngazi.

Na lipo jambo la pili. Fedha inayorudishwa kwa Bodi haiendi kuzikwa. Hiyo ndiyo hukopeshwa kijana wa kidato cha nne wa leo atakapofika chuo. Shilingi 40,000 zisizorudi ni mwaka mmoja wa masomo wa mtoto mwingine. Mwalimu mwenye mshahara asiyelipa hamkomoi Waziri. Anamziba njia mdogo wake mwenyewe.

Baadhi yenu mtasema: mbona serikali husamehe wakubwa? Swali hili ni la haki, na hatutalikwepa.

Katika miaka ile ile ambayo wanafunzi waliambiwa hazina haina fedha, kati ya 1990 na 1993, hazina hiyo hiyo ililipa mabilioni ya shilingi kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, katika kashfa ya Goldenberg. Mlipa kodi alibeba. Mwaka 2023 Bunge liliidhinisha kufutwa kwa madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 100 ya viwanda vya sukari vya umma, vilivyoanguka kwa usimamizi mbaya kwa miongo mingi. Mlipa kodi alibeba. Na hapa mlangoni petu, mtaa huu ambao jina lake lenyewe linakumbusha kiwanja, tunaishi kando ya uwanja wa ndege wa kimataifa uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 2 na kufunguliwa 2017. Familia zilihamishwa kuupisha, kilio cha fidia kikadumu miaka mingi, na ndege zenyewe mnazihesabu kwa vidole. Hilo nalo mlipa kodi amelibeba. Kufikia katikati ya 2025 deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 11, na hakuna aliyetuita sisi wadhamini tutie sahihi.

Basi kijana anapouliza, kwa nini kodi yangu ifute makosa ya mameneja lakini isifute faini yangu, ana hoja. Lakini tahadhari: uovu wa kwanza hauhalalishi uovu wa pili. Hatuwezi kusema kwamba kwa kuwa hazina iliporwa na wakubwa, nasi tupewe zamu. Hoja ya Goldenberg haitufundishi kwamba fedha za umma ni mali ya kugawana. Inatufundisha kwamba fedha za umma zikitoka bila idhini ya wenye nazo na bila hesabu ya wazi, mwisho wake ni kumkandamiza mnyonge. Somo hilo ndilo lililotutoa majumbani kudai vyama vingi. Ndilo lililowatoa vijana barabarani Juni 2024 hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa. Wengi waliokuwa barabarani siku zile walikuwa ni hao hao: wahitimu wasio na kazi, wadaiwa wa Bodi, na wakati huo huo walipa kodi.

Tuyapime haya kwa neno la Mungu, kwa kuwa wengi wetu hapa tunalikiri.

Katika Kumbukumbu la Torati watu wa Mungu waliagizwa kuachilia madeni ya ndugu zao kila mwaka wa saba, na wakaonywa wasimnyime maskini mkopo kwa kuhesabu kwamba mwaka huo unakaribia. Tazameni hekima hiyo: mtoa sheria alijua kwamba msamaha unaweza kuua ukopeshaji, akayafunga yote mawili pamoja, kusamehe na kuendelea kukopesha. Katika Nehemia sura ya tano watu walilia kwamba wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wametiwa utumwani. Nehemia aliwakemea wakubwa, akawataka warudishe mashamba na riba. Lakini yeye mwenyewe alianza kwa kuacha kula posho ya liwali, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Kiongozi atakaye kutangaza msamaha kwa fedha za watu, na aanze na posho yake.

Na ndugu zetu Waislamu wanatukumbusha kwamba katika Sura ya Al-Baqara mdaiwa aliye katika dhiki hupewa muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Angalieni: wa kupewa muda ni aliye katika dhiki. Aliye na wasaa hatajwi hapo.

Mtume Paulo naye aliwaandikia Wagalatia kwamba wasaidiane mizigo, na punde si punde akawaambia kila mmoja atachukua wa kwake. Wapo wanaoona hayo kuwa yanapingana. Sisi tunaona ndiyo jibu la mkutano huu. Upo mzigo unaomvunja mtu mgongo, nao ni wa jamii yote kuushika. Na upo mzigo ambao mtu mwenye mgongo mzima anaweza kuubeba, nao ni wake. Kazi ya sheria njema ni kutenganisha mizigo hiyo miwili.

Tena msisahau: kusamehe kuna gharama, na gharama hiyo humwangukia asamehaye. Mtu akisamehe deni lake mwenyewe, huo ni ukarimu. Akisamehe deni la mwingine bila kumwuliza, huo si ukarimu. Ni kujipatia sifa kwa mali isiyo yake. Serikali inasimamia mali ya watu. Haiwezi kusamehe kwa tamko la jukwaani kabla ya uchaguzi. Ni lazima iwaulize wenye mali, kupitia Bunge na kupitia ushirikishwaji wa wananchi, kama ibara ya 201 ya Katiba ya 2010 inavyotaka: uwazi, uwajibikaji, mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na mzigo wa mikopo ya umma usawazishwe kati ya kizazi hiki na kijacho.

Wenzetu wa ng'ambo wamekwisha kuona hayo. Nchini Marekani, Rais Biden alitangaza mwaka 2022 kufuta hadi dola 10,000 za mkopo wa kila mwanafunzi mwenye kipato chini ya kiwango fulani, na hadi 20,000 kwa waliotoka familia maskini. Gharama ilikadiriwa kuwa kama dola bilioni 400. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilisema serikali haikuwa na mamlaka hayo bila idhini ya wazi ya Bunge. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia hukumu hiyo, lakini swali lake ni letu pia: kalamu inayofuta deni la umma imeshikwa na nani?

Tanzania ilichukua njia nyingine. Huko mkopaji mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Juu ya hilo deni lilikuwa likiongezewa asilimia 6 kila mwaka ili kulinda thamani, na wachelewaji wakitozwa faini ya asilimia 10. Mwaka 2021, siku ya Mei Mosi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa ile asilimia 6, na mwaka huo huo faini nayo ikaondolewa. Deni la msingi lilibaki. Aliyekopa hurudisha alichokopa, asichokopa hakilipi. Hapo pana hekima ya ujirani ambayo Nairobi ingeweza kuiazima bila riba.

Na msisahau kampeni ya makanisa ya Yubilei 2000, tulipoungana na waumini wa dunia nzima kudai nchi maskini zisamehewe. Uganda na Tanzania zilipunguziwa sehemu kubwa ya madeni yao. Kenya ikaachwa nje kwa hesabu kwamba inaweza kulipa. Msamaha ule haukuwa wa bure. Nchi zilitakiwa zionyeshe fedha iliyookolewa imekwenda wapi, na Tanzania ikaondoa karo ya shule za msingi katika miaka hiyo. Msamaha mwema huonekana kwa matunda yake.

Lakini hapa Isiolo hatuwezi kuzungumza habari ya deni bila kuuliza swali moja la mwisho: nani anamdai nani?

Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10, uliosema kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa faida upesi. Kwa lugha nyepesi: nyanda zenye mvua zipate, nyanda kame zisubiri. Kaskazini ilisubiri. Ilisubiri ikiwa chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa hadi Novemba 1991. Barabara, hospitali na shule zilizojengwa kwingine kwa kodi ya wote hazikufika huku. Mtoto wa huku alikwenda chuo akiwa amebeba tayari gharama ambayo mwenzake wa mahali pengine hakuibeba, na alipofika huko akakopa sawasawa na yule mwenye duka la baba. Katiba ya 2010 ilikiri dhuluma hiyo, ikaunda Mfuko wa Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa, Isiolo ikiwemo.

Kisha mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu. Hapo kabla, mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Chini ya mfumo mpya kozi nyingi zilitangazwa kwa zaidi ya laki moja kwa mwaka, na familia zikapangwa kwa viwango vya uhitaji kwa kujibu maswali ya kompyuta. Wazazi wengi walilalamika kwamba wamewekwa wasikostahili, na mtu aweza kujiuliza kompyuta itamwelewaje mfugaji ambaye mali yake yote ilikufa kwa ukame. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huo ulikuwa kinyume cha Katiba. Sisi tunasema hivi: ukishazidisha deni la mtoto wa maskini mara kadhaa mlangoni pa chuo, usije baadaye ukajisifu kwa kumsamehe nusu yake. Bora usimbebeshe.

Basi msimamo wetu ni upi? Tunauweka wazi, mpate kuujadili na kuurekebisha.

Kwanza, mkopo wa msingi ulipwe na kila mwenye uwezo. Dawa ya deni ni kulipa. Kwa hili tunaanza na wakubwa: wale waliokopeshwa tangu 1974, wakapata vyeo, wasirudishe. Bodi ipeleke Bungeni hesabu ya madeni ya watumishi wa juu wa umma, na Bunge liisome.

Pili, adhabu ya kila mwezi isimguse asiye na kipato. Mara kadhaa Bodi imetoa nafuu ya adhabu kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo. Nafuu hiyo humfaa mwenye fedha za mkupuo! Asiye na kazi ndiye mwenye haki ya kwanza. Mwaka 2020 Bunge lilipelekewa mswada wa kuwapunguzia mzigo vijana wasio na ajira na watu wenye ulemavu. Wazo hilo lisifie kwenye makabati.

Tatu, malipo yafuate mapato. Mwenye mshahara mdogo akatwe kidogo, mwenye mkubwa akatwe zaidi, na asiye na kitu asubiri mpaka apate wasaa.

Nne, mlipa kodi abebe deni pale ambapo jamii yote inapata faida. Mwalimu au muuguzi anayekubali kutumika Merti, Sericho au Modogashe kwa miaka mitano, afutiwe sehemu ya deni lake kila mwaka. Hapo mama muuza maziwa hatozwi bure. Analipia muuguzi wa kumzalisha binti yake. Vivyo hivyo deni la aliyefariki au aliyepata ulemavu wa kudumu lisimfuate mjane wala mdhamini.

Tano, msamaha wowote upitie Bungeni, kwa kiasi kilichotajwa na kwa orodha ya hesabu inayochapishwa. Asiwepo kiongozi wa kutugawia kodi yetu wenyewe na kututaka tumpigie makofi.

Mtu anaweza kupinga: nani atapima nani hana uwezo? Je, wajanja hawatajifanya maskini? Hofu hiyo ina msingi. Lakini serikali inayojua kumkata kodi muuza duka kwa njia ya simu yake haiwezi kudai kwamba haijui nani ana mshahara. Mwenye ajira rasmi anaonekana kwenye hati za kodi. Kwa asiye na ajira, wako wanaomjua: mtaa wake, msikiti wake, kanisa lake. Na tukikubali kutia muhuri, tutie kwa kweli. Kanisa litakalomwandikia tajiri barua ya umaskini kwa sababu alichangia mabati limewaibia watoto wa maskini.

Wapenzi, kazi yetu tukitoka hapa ni hii. Kila parokia, kila kanisa na kila msikiti ulio radhi uorodheshe, kwa siri na kwa hiari yao, vijana wake wanaodaiwa: waliokopa, kiasi walichokopa, adhabu waliyolimbikiziwa, na kama wana kazi. Majina yabaki kwetu. Jumla zipelekwe kwa wabunge wa Isiolo Kaskazini na Kusini, kwa mwakilishi wetu wa kike na kwa seneta. Wanapoitisha vikao vya kutoa maoni juu ya bajeti, tuhudhurie tukiwa na tarakimu mkononi, maana ni rahisi kupuuza kilio na ni vigumu kupuuza hesabu. Na wale miongoni mwetu wenye mishahara na wenye deni, waanze kulipa mwezi huu, ili midomo yetu iwe safi tunapowataka wakubwa walipe.

Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi: ukiwa begani kwa mwingine huonekana mwepesi. Kijana asiuone mzigo wa mlipa kodi kuwa sufi, na mlipa kodi asiuone wa kijana kuwa sufi. Mara nyingi hao wawili hulala chini ya bati moja.

Mungu aibariki Isiolo, aibariki Kenya, na atupe moyo wa kudai haki bila kuidhulumu haki ya mwingine.